Wiki Tatu Ambazo Lubumbashi Yote Ilipungukiwa Kalsiamu

Nilimwahidi Mama Ngoie, mwalimu wa darasa la tatu katika mtaa wa Katuba, kwamba siku nitakayoacha kazi nitaandika kosa nililolitia sahihi, kwa jina langu, bila kuisingizia mashine wala marehemu yeyote. Aliniapisha kwa desturi ya walimu: nisimame wima, mikono nyuma, nirudie sentensi nzima. Nilirudia. Kwa hiyo, wenzangu vijana mnaoingia maabara baada yangu, jueni kwamba haya yameandikwa kwa amri. Mimi ni Kisimba, na sahihi mtakayoisoma habari zake hapa ni yangu.

Nimestaafu nikiwa na miaka thelathini na saba. Msinionee wivu. Maabara ndiyo iliyostaafu kwanza, nami nikaifuata kwa adabu. Vyeo nilivyovipata vilikuwa vingi, kwa kuwa kila aliyekimbia aliniachia chake. Kuhusu mshahara, waandishi wa hadithi za kubuni wapo, nisiwaingilie kazi.

Nilianza siku ya Jumatatu, katika hospitali ya kampuni ya migodi, nikitokea chuo kikuu cha Kasapa na shahada ya biokemia, koti jeupe lililopigwa pasi na mama yangu, na imani kwamba sayansi ikiletwa kwa watu na kijana mwaminifu itawatosha. Mkuu wa maabara aliitwa Papa Kazadi, mtu mfupi, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi wa mshonaji. Shahada hakuitazama. Alinitazama mikono.

“Lisansié,” aliniita, yaani mwenye shahada, na jina hilo halikunitoka tena, “unajua kusafisha chupa?”

“Nilijifunza kupima damu, Papa.”

“Damu iko rahisi. Damu haidanganyake. Chupa njo inadanganyaka.” Kwetu “njo” ni ndiyo.

Nikasafisha chupa mwezi mzima, shahada ikiwa mfukoni. Mezani palikuwa na darubini moja, mashine ya kuzungusha damu iliyolia kama jogoo mgonjwa, na bireti, ule mrija mrefu wa kioo wenye bomba chini, ambao Papa Kazadi hakumruhusu mtu mwingine kuushika. Kwa bireti hiyo tulipima kalsiamu. Sehemu ya damu iliyo angavu inachanganywa na maji, inatiwa rangi, inakuwa waridi. Kisha unadondosha dawa tone kwa tone mpaka waridi igeuke zambarau. Ukihesabu matone, umeipata kalsiamu. Mtu mzima mwenye afya huwa na miligramu tisa hadi kumi na nusu. Akishuka hadi sita, vidole vinajikunja kama makucha ya kuku na mwili unashtuka kwa degedege. Akipanda kumi na nne, mambo huanza kimyakimya: kiu, choo kigumu, huzuni isiyo na sababu, usahaulifu, na mwishowe sauti na watu wasiokuwepo. Somo hili Kasapa tulipewa kwa nusu saa, kabla ya chakula cha mchana.

Kila asubuhi, kabla ya damu ya mtu yeyote, Papa Kazadi alipima maji matupu. Aliyachukua maji yale yale ya kuchanganyia, akayapitisha kwenye bireti kana kwamba yametolewa kwenye mshipa, na kuandika matokeo kwenye mstari wa kwanza wa daftari. Jina la mgonjwa: Bwana Mayi, yaani Bwana Maji. Umri: aliweka nukta. Nilidhani ni mzaha wa mzee aliyekaa mno peke yake na chupa.

“Huyu njo mugonjwa wa kwanza,” alisema. “Kama yeye eko na kalsiamu, benyewe bote batakuwa nayo ya bure.”

Kisha ikaja ile miaka ambayo watu wa mji wetu walianza kuulizana babu zao walizaliwa wapi. Papa Kazadi alizaliwa Lubumbashi, akasoma Lubumbashi, akazika mke Lubumbashi. Lakini babu yake alitoka Kasai, na watu wenye elimu kuliko mimi wakagundua kwamba kwa sababu hiyo alikuwa mgeni. Nilimkuta stesheni, amekalia sanduku kati ya mamia ya watu, akingoja treni ambayo haikuwa na saa. Alikuwa amefungia kitu ndani ya taulo. Ilikuwa bireti.

“Banaweza kuivunja njiani,” alisema. “Wewe bakia nayo. Lakini usiache mayi, Lisansié.”

“Siwezi kuyaacha, Papa.”

Hiyo nayo ilikuwa ahadi. Sikuitaja mwanzoni kwa kuwa niliivunja.

Niliivunja kisayansi, na nilijivunia. Mtambo wetu wa kutengeneza maji safi kwa mvuke ulikuwa na koili ya shaba. Siku za uporaji, katika mji uliojengwa juu ya shaba, kuna aliyeona kwamba shaba bado haitoshi, akaibeba. Tukabaki na maji ya bomba. Nanyi mnayajua maji yetu ya bomba: yanatoka kwenye mwamba wa chokaa, na birika la nyumbani linavaa ukoko mweupe ndani ya mwezi mmoja. Maji hayo yana kalsiamu yake, hayahitaji kuazima ya mgonjwa. Kila damu iliyopita mikononi mwangu ikatoka na nne za ziada.

Mtu mwingine angeacha kupima. Mimi nilikuwa na shahada. Nilipima maji ya bomba kila siku kwa wiki nzima ya kiangazi, nikachora mchoro, nikapata nne, tena nne, tena nne. Nikaandika ukutani kwa herufi kubwa: TOA NNE. Na kwa kuwa namba ilikwisha kujulikana, na dawa ya kupimia ilikuwa ikikaribia kwisha, niliona ni upotevu kumpima Bwana Mayi kila asubuhi. Nikamwachisha kazi. Nilikuwa na miaka ishirini na saba, na mkuu wa maabara nzima yenye watu wawili: mimi, na Mama Feza, mwanamke wa Maniema aliyesafisha sakafu na kutujazia madumu ya maji.

Mvua zikaja. Mwanzoni mwa mwaka, chumba cha wagonjwa wanawake kikaanza kuonyesha jambo la kutisha: karibu kila mgonjwa alikuwa na kalsiamu ya chini. Sita. Sita na nusu. Nikawa na huzuni ya kweli; nikaandika ripoti ya kurasa nne juu ya njaa, vita na mifupa ya raia, ripoti ambayo bado nadhani ilikuwa na sarufi nzuri. Daktari Mukaz, ambaye peke yake alibeba kazi za madaktari watano, akaagiza sindano za kalsiamu kwa chumba kizima. Wagonjwa walisikia joto likipanda kooni, wakashukuru. Hakuna dawa inayopendwa kama ile inayosikika ikiingia.

Wiki ya tatu aliletwa Mama Ngoie. Alifundisha darasa la tatu kwa miaka ishirini, na nusu ya wauguzi wetu walipitia mikononi mwake. Kwa miezi kadhaa alikuwa akinyamaza, akilia, akinywa maji kama mtu aliyetoka jangwani, akisahau majina ya watoto wake mwenyewe. Kisha ikaja sauti: kila alfajiri alisimama mbele ya ukuta na kuita mahudhurio ya darasa lisilokuwepo, na kuwakemea waliochelewa. Alikataa chakula kwa kuwa, alisema, wamemtilia chaki. Alimpiga muuguzi mmoja kwa rula. Rula hiyo hakuna aliyejua ilitoka wapi. Wakamfunga kwa vitambaa kwenye kitanda cha nane.

Aliyemleta ni mdogo wake, Banza, dereva wa lori la njia ya Mitwaba, mwenye mikono mipana na sauti ya chini. Alikaa sakafuni kando ya kitanda siku tatu mfululizo.

“Docteur,” aliniambia, kwa maana waliovaa koti jeupe wote walikuwa madaktari, “yaya, dada yangu mukubwa, haiko na wazimu. Yaya alinilea. Hii ni kintu ya bantu, bamemuroga. Kule mbele ya Mitwaba kuko nyumba ya maombi, banajua kuifukuza.”

“Wanafanyaje?”

“Banamufunga ku muti, anafunga kula siku saba. Siku ya mwisho inatoka.”

“Na isipotoka?”

Akanitazama kama mtu anayetazama barabara iliyokatika. “Asubuhi ya Posho napakia lori. Damu yake ikisema kintu, nitabakia. Ikinyamaza, tunaenda.”

Posho ni Jumamosi. Hiyo ilikuwa Alhamisi. Daktari Mukaz alikuwa amekwisha kuagiza kalsiamu yake ipimwe, kwa kuwa alikumbuka, kutoka nusu saa yake mwenyewe ya zamani, kwamba kalsiamu iliyozidi inaweza kumgeuza mtu. Sifa yake niiandike: alikumbuka. Nilipima. Matone yalikuwa mengi. Nikapata kumi na nne na nusu. Nikainua macho ukutani, nikatoa nne. Kumi na nusu. Nikaandika: kawaida. Nikatia sahihi yenye mkia mrefu, sahihi ya lisansié.

Daktari akaandika chini yake neno moja, maana yake wazimu: kichwa.

Hospitalini kwetu palikuwa na desturi, ambayo nadhani ililetwa na masista wa zamani, ya kusoma matokeo kwa sauti kitanda kwa kitanda, ili muuguzi wa sindano asipoteze karatasi. Ijumaa asubuhi muuguzi akasoma, nami nimesimama mlangoni na daftari.

“Kitanda cha kwanza, chini, sindano. Cha pili, chini, sindano. Cha tatu, chini.” Hivyo hivyo mpaka mwisho wa safu. “Cha munane, Mama Ngoie, normal. Haiko na sindano.”

Mama Ngoie akageuza kichwa. Kulikuwa na saa ambazo ukungu ulimwondoka kidogo, na hiyo ilikuwa mojawapo.

“Nani anasahihisha hii mutihani?”

Wauguzi wakacheka. “Ni huyu, Mama. Lisansié.”

“Kuya hapa.” Nikaenda. Mikono yake ilikuwa imefungwa, lakini jicho lilikuwa huru. “Darasa muzima inaanguka?”

“Ndiyo, Mama.”

“Na mie, mupumbafu, mwenye banafunga na kamba, mie peke yangu, paka moya, ninapita?”

“Ndivyo ilivyo, Mama.”

“Batoto bote bakianguka, haiko batoto. Ni mutihani. Wewe mwenyewe ulipata ngapi?”

Chumba kizima kikaangua kicheko. Kitanda cha tatu kilinipigia makofi. Nikaondoka na heshima yangu yote, ambayo ilitosha hatua kumi hivi, mpaka kwenye mlango wa maabara. Pale nikasimama. Sikuwahi kujiuliza nilipata ngapi.

Nikajitoa damu. Nikaipima kwa uangalifu wote niliofundishwa. Kumi. Nikatoa nne. Sita.

Kwa mujibu wa sahihi yangu mwenyewe, nilipaswa kuwa sakafuni nikishtuka, vidole vimejikunja. Niliviangalia vidole. Vilikuwa na mafuta ya mikate ya kukaanga niliyokula asubuhi.

Nikachukua maji ya dumu peke yake, kama alivyofanya Papa Kazadi kila siku ya maisha yake ya kazi. Nikatia rangi. Nikadondosha tone moja, na waridi yote ikageuka zambarau. Bwana Mayi hakuwa na kitu.

“Mama Feza!” niliita. “Maji haya umeyatoa wapi?”

Alitokea na ufagio. “Ni mayi ya mvula, docteur. Ya ku tonelo, ile pipa kule inje.”

“Na bomba?”

“Robinet? Robinet iko kavu tangu wiki tatu! Ulikuwa wapi? Nilisema huyu docteur atafurahi, mayi ya mvula iko safi, haiko na ile mweupe ya ku birika.”

Aliyajua maji ya mji kuliko mimi mwenye mchoro. Kwa wiki tatu alikuwa akiniletea maji safi kabisa, yale ambayo Papa Kazadi angeyabusu, nami kwa wiki tatu nilikuwa nikiyatoza nne kwa uchafu ambao hayakuwa nao. Hakuna mtu Lubumbashi aliyepungukiwa kalsiamu. Kwa nilivyojua asubuhi hiyo, palikuwa na mtu mmoja tu aliyezidiwa nayo, naye ndiye peke yake niliyemwandika mzima.

Nakiri jambo jingine, kwa kuwa niliapishwa nisifiche. Nilikaa kwenye kiti nikafikiria. Kusema maana yake ilikuwa kukiri kwamba chumba kizima kilichomwa sindano kwa sababu yangu. Kunyamaza maana yake ilikuwa lori. Ningependa kuwaambia kwamba kijana mwaminifu hakusita. Alisita muda wa kusafisha chupa mbili.

Daktari Mukaz alinisikiliza mpaka mwisho, akavua miwani.

“Yaani ripoti yako ya kurasa nne…”

“Ndiyo, Daktari.”

“Nilikuwa nimeanza kuituma wizarani.” Akacheka kicheko kibaya, kisha akaacha kucheka. “Kumi na nne na nusu. Una hakika?”

“Nimeipima mara tatu. Na maji mara tatu.”

Tukaenda kitanda cha nane pamoja. Daktari akamuuliza Banza swali ambalo siku ya kwanza hakulipatia nafasi, wagonjwa wakiwa wengi na yeye mmoja: dada yako anakunywa dawa gani?

“Haiko na dawa, docteur. Paka ile ya nguvu.” Akaingiza mkono mfukoni, akatoa boksi dogo la vichupa vya kioo. “Aliumwa mifupa. Mie njo namuleteaka, kila wiki, kila wiki. Hata kwa safari nimebeba katoni muzima, asikose nguvu kule.”

Ilikuwa vitamini D, ya kipimo kikubwa, kichupa kimoja cha kutosha mtoto kwa miezi. Ilifika mjini ndani ya makreti ya msaada, kutoka kwa wafadhili ambao ukarimu wao ulizidi kamusi yao, kwa kuwa maelezo yalikuwa katika lugha ambayo hakuna duka la dawa mjini lililoisoma. Makreti yakafunguka njiani, kama makreti yote, na vichupa vikaishia sokoni kwa jina la “nguvu ya mifupa”. Vitamini hiyo ndiyo inayoingiza kalsiamu kwenye damu. Mama Ngoie alikuwa amekunywa kwa nusu mwaka.

Daktari alimweleza polepole. Banza akalishika boksi kama mtu aliyegundua kuwa ameshika nyoka, lakini hakulitupa.

“Ni mie?”

“Hukujua,” daktari alisema. “Mwenye shahada hapa naye hakujua.”

Asubuhi ya Posho lori liliondoka bila dereva wake wa kawaida. Banza alibaki, akajifunza kuhesabu matone ya maji ya chumvi yaliyoingia kwenye mshipa wa dada yake. Tulimwondolea vichupa na maziwa, tukampa vidonge vya kortizoni, vya kuishusha kalsiamu, ambavyo daktari alivipata kwa njia nisiyotakiwa kuiandika. Nilipima kila siku ya pili. Na kila asubuhi, kabla ya damu yoyote, nilimpima Bwana Mayi. Kiu iliondoka kwanza, kisha choo kikafunguka, jambo lililopokewa na chumba kizima kwa shangwe ambayo hakuna kardinali aliyewahi kuipata. Mahudhurio ya alfajiri yaliendelea wiki nne. Wiki ya tano, asubuhi moja, Mama Ngoie aliita jina la kwanza, akangoja, akatazama ukuta kwa muda mrefu, akasema, “Hakuna mutu hapa,” akarudi kulala.

Alipopata nguvu ya kutembea, alikuja maabara akaomba daftari na kalamu nyekundu. Alinikalisha. Tulipitia wiki zile tatu mstari kwa mstari: yeye alikata namba, mimi nikaandika upya pembeni na kutia sahihi, bila mkia mrefu. Waliochomwa sindano bure tulikuwa tumekwisha kuwaomba radhi. Wengi walisema ile sindano ilikuwa nzuri, kama ipo nyingine wangeshukuru. Kila “chini” ikawa “kawaida”. Tukafika mstari wa kumi na saba, siku chache kabla ya Mama Ngoie kuletwa.

“Huyu alipita,” alisema. “Kama mie.”

Mwadi Kabulo. Mwanamke, miaka kama thelathini. Anwani: Katuba tu. Kumi, nilikuwa nimeandika. Kawaida. Kumi na nne, kwa kweli. Kando yake, kwa mkono wa daktari aliyechoka: kichwa. Aliondoka siku iliyofuata na ndugu zake, na faili halisemi walimpeleka wapi.

Kalamu nyekundu ilikaa juu ya jina hilo, haikukata. Ndipo Mama Ngoie aliponisimamisha wima, mikono nyuma, na kuniapisha. Jumapili nyingi baada ya hapo tulizunguka Katuba, yeye, mimi na Banza, tukiuliza shuleni, makanisani, kwenye visima. Akina Mwadi tuliwapata wengi. Yeye hatukumpata. Banza aliuliza kila kituo cha njia ya Mitwaba, mpaka kwenye ile nyumba ya maombi. Aliporudi alisema tu kwamba hakuwepo, na kwamba miti ya kufungia ilikuwa mingi kuliko alivyokumbuka.

Papa Kazadi alifariki huko alikopelekwa. Bireti imebaki kwangu, ndani ya taulo lile lile. Nitampa atakayenionyesha daftari lake, na mstari wa kwanza wa kila siku nikute maji.

Hilo ni langu. Ombi hili ni la Mama Ngoie, nami nimelibeba kwa amri. Ukimfahamu Mwadi Kabulo aliyelazwa kwetu msimu ule wa mvua, au nduguze, au ukikutana na mwanamke wa jina hilo amefungwa mahali kwa ajili ya kichwa chake, waambie karatasi ile haikuwa kweli. Mchukueni damu, mpime kalsiamu yake upya, na kabla ya hapo mpime maji.